Kukata madigadi ya nyuma mwenyewe

Madigadi ya nyuma ya pikipiki, ile kinga ya matope juu ya tairi, unaweza kuikata nyumbani, ndugu, na grenda (mashine ya kukatia chuma) usiikodi. Kama madigadi ni ya plastiki, grenda huiyeyusha ikagandia ukingoni. Msumeno wa chuma wenye meno madogo unatosha. Fungua taa na namba kwanza, uone waya zinapita wapi. Bandika tepu ya karatasi, chora mstari juu yake, halafu kata milimita 5 nje ya mstari. Hizo 5 zimalize kwa tupa na msasa. Yangu ya kwanza nilikata juu ya mstari wenyewe, ikatoka imepinda kama mkia wa mbuzi! Ila kabla hujachora, mkalishe mtu nyuma shokapu zibonyee, uone tairi litafika wapi. Ya bati ipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.