Flipa dhaifu kwenye pinboli ya zamani

Ndugu uliyeuliza kama upulize mafuta ya WD-40, kama mashine yako ya mchezo wa pinboli ni ya miaka ya 1970 na flipa (vile vijiti vya kupigia mpira) zinainua mpira kwa shida, weka chini hiyo WD-40. Hunasa vumbi na hushika moto, na kontakti (ncha za chuma zinazogusana kupitisha umeme) za mashine hizi hutoa cheche.

Umeme kwanza. Ikiwa iliundwa kwa soko la Marekani, inataka volti 120, na soketi za hapa Mombasa ni 240. Soma kibandiko cha transfoma. Isipokuwa na njia ya 240, tumia transfoma ya kushushia ya wati 500. Ukikuta fyuzi iliyozungushiwa foili, itoe, uweke ya kiwango kilichoandikwa.

Sasa flipa yenyewe. Koili yake (waya uliozungushwa, unaovuta chuma kwa sumaku) ina waya mbili: mnene wa kurusha, mwembamba wa kushikilia. Pembeni kuna swichi ya majani, yaani vibamba vyembamba vya chuma vyenye kontakti. Flipa ikifika juu, swichi hufunguka na kupunguza umeme wa koili, ubaki wa kushikilia tu. Hewa ya chumvi ya pwani ikichafua kontakti, nguvu ya kurusha haifiki. Chomoa plagi, pitisha tupa laini sana mara mbili tatu (msasa huacha chembe), kisha inua flipa kwa mkono: kontakti ziachane kama milimita 3. Zisipoachana, koili huungua, tena upesi.

Badilisha pia mrija wa nailoni ulio ndani ya koili. Usiupake grisi wala mafuta. Chuma kinachopita ndani yake hutembea kikavu.