Maswali ya Wasomaji: Lubugo, Mikeka na Malipo ya Fundi

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita nilikwenda Mawokota, wilayani Mpigi, kumzika shangazi yangu. Lubugo (nguo ya asili ya ufalme wa Buganda, Uganda) tuliomzikia ulitengenezwa na mzee jirani ambaye wanawe wawili wanaendesha bodaboda Kampala, na hakuna hata mmoja aliyejifunza kazi ya baba. Wenzangu wa ofisini wako tayari kuchanga fedha tumsaidie yeye na wafumaji wengine wa asili, lakini mume wangu anasema nguo ile ni ya wafu na haina soko. Mnatushauri nini?
Msomaji, Ntinda, Kampala

JIBU: Pole kwa msiba, dada. Kwanza turekebishe neno moja, kwa sababu ushauri wote unatoka hapo: lubugo haufumwi. Hauna mtande wala mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, bali ni gome la ndani la mti wa mutuba lililopondwa mpaka likawa laini. Mfumaji anaweza kununua uzi mwezi wowote, ilhali mukomazi, yaani fundi wa lubugo, hutegemea mti ulio hai na mvua. Gome huvunwa majira ya mvua, kisha shina lililobanduliwa hufungwa majani ya mgomba lisikauke, nao mti ukitunzwa vizuri huota gome jipya la kuvunwa tena. Lile lililovunwa hugongwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji, kuanzia nyundo yenye mifereji mipana hadi ile yenye mifereji myembamba kabisa, na fundi hufanya kazi hiyo bandani ili gome lisikauke upesi mno. Ni kazi ya misuli na ya subira, wala simshangai kijana anayeona bodaboda inamlipa kila jioni.

Mume wako amesema nusu ya kweli. Zamani karibu kila kijiji cha Buganda kilikuwa na banda la kukomaga, yaani la kugonga gome, na lubugo ulikuwa vazi, pazia, tandiko la kitanda na hata kinga ya mbu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ikaleta vitambaa vya pamba, na lubugo ukaanza kurudi nyuma. (Lugha hii tunayoandikiana iliingia Buganda kwa njia ile ile, pamoja na marobota ya amerikani, yaani kitambaa cha pamba, kwa hiyo sisi si watazamaji tu katika habari hii.) Uliobaki ukawa wa kutawazwa kwa wafalme, matambiko, mikutano ya kimila na mazishi. Hata hivyo, hayo mazishi yanayomtia mumeo shaka ndiyo yaliyoiokoa kazi yenyewe. Nguo za mavazi zilipata mshindani, lakini familia inayomzika mtu wake kwa mila haiwezi kupeleka shuka la dukani mahali pa lubugo. Vivyo hivyo katika Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda, jijini Kampala, yaliyoungua Machi 2010: pazia linalotenga mahali patakatifu pa wafalme ni la lubugo, wala hakuna kitambaa kingine kinachoweza kushika nafasi hiyo.

UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Ni heshima kubwa kwa Buganda, na hasa kwa ukoo wa Ngonge, ambao kwa urithi ndio unaotoa mkuu wa mafundi wa lubugo. Lakini heshima hailipi karo.

Kwa hiyo msimpelekee mzee mchango, mpelekeeni oda. Kubalianeni naye idadi ya vipande vya lubugo na bei kabla mvua hazijaanza, mlipeni sehemu ya fedha mapema, kisha mchukue mzigo wenu unapokuwa tayari, hata kama hamna msiba wala sherehe, kwa sababu lubugo hufaa kwa mapazia, vitambaa vya meza na mapambo ya ofisi. Fedha zikizidi, mtafutieni kijana mmoja wa kijijini na mumlipe posho ya kila juma kwa muda atakaokuwa akijifunza. Asipolipwa atarudi kwenye pikipiki, nanyi hamtakuwa na haki ya kumlaumu. Jambo linalosahaulika zaidi ni miti. Mashamba yakikatwa viwanja, mutuba hukatwa kwanza, na fundi asiye na mutuba hana kazi hata akipewa oda mia. Mti huu huota kwa kuchomeka tawi ardhini na hutoa kivuli kwa kahawa na migomba, basi ikiwa shamba la shangazi bado ni la familia, mnapo pa kuanzia.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama Masaka, tunasuka mikeka ya ukindu. Wateja wanatupunja mpaka tunauza bila kujua kama tumepata faida au hasara. Tufanyeje?

JIBU: Hesabuni siku, si ukindu peke yake. Tuseme ukindu umewagharimu shilingi 15,000 na rangi 5,000, kisha mwanamke mmoja akatumia siku sita kusuka na kushona mkeka mmoja. Mkiuza kwa 40,000, kila siku yake imelipwa shilingi 3,000 na kidogo, na hapo hamjahesabu usafiri wala chakula. Pangeni kwanza siku moja ya kazi ina thamani gani, iandikeni, na mtu yeyote wa kikundi asiuze chini ya hapo, kwa sababu mteja hodari wa kupunja huwatumia ninyi kwa ninyi: humwambia huyu kwamba mwenzake amempunguzia. Chovyeni ukindu wenye rangi katika maji safi tena na tena mpaka maji yatoke meupe ndipo msuke, kwani mkeka unaochafua nguo ya mgeni huharibu bei ya mikeka kumi inayofuata.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani mjini Jinja, nashona mikoba na makoti ya lubugo. Mzee mmoja ameniambia nadhalilisha mila. Niache?

JIBU: Usiache, ila mheshimu mzee kwa kujua mipaka. Lubugo wa kawaida, wenye rangi ya udongo mwekundu, ulikuwa vazi la watu wote, na kuushonea koti ni kuurudisha mahali pake pa zamani. Ule uliotiwa rangi nyeupe au nyeusi ulikuwa wa wafalme na wakuu, huo usiufanye mkoba wa sokoni. Ule wa kawaida utie bitana ya pamba kwenye mikunjo, na umwonye mnunuzi asiufue kama shati. Uganda ina sheria ya mwaka 2013 ya kulinda majina ya bidhaa zinazosifika kwa mahali zinapotoka, na mafundi walioungana wanaweza kuitumia. Wakati hilo likisubiriwa, shona ndani ya kila koti kipande cha kitambaa chenye jina la kijiji ulikonunua lubugo na, akikubali, jina la mukomazi mwenyewe.