Mkunga na utafiti wa afya ya mama: inawezekana

Dada, umeuliza kama mkunga anaweza kufanya utafiti wa usawa katika afya ya mama na mtoto bila kusomea udaktari. Anaweza, tena una kitu ambacho wengi chuoni hawana: rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) ya wodi ya wazazi iko mezani kwako kila zamu. Angalia mama katoka kijiji gani, nani alifika mtoto akiwa karibu kutoka, nani alipewa rufaa akachelewa. Mama wa wapi anachelewa, na kwa nini? Hapo swali la tasnifu umeshalipata. Ila kuchota takwimu hizo kwa utafiti bila kibali cha maadili, usithubutu. Anzia kamati ya maadili ya chuo chako, au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Kwa picha ya nchi, soma TDHS ya 2022, ule utafiti wa kitaifa wa Tanzania kuhusu watu na afya. Waliojifungulia kituoni ni asilimia 81, lakini shuka mpaka kwenye majedwali ya mikoa na kipato, maana wastani unaficha mengi. Uzamili wa afya ya jamii, mathalani pale MUHAS (chuo kikuu cha afya Muhimbili), unatosha kuanzia. Na Stata au R, programu za kuchambua takwimu, jifunze sasa hivi, usingoje kufundishwa darasani.