Re: Likizo yangu ya kwanza ndefu, nipande Kilimanjaro au nitarudi kazini nimekwisha?

Mkuu kama ni ndoto ya muda mrefu nenda tu, mi nilikua naiota tangu niko shule ya msingi na mwaka jana ndo nikapanda. Ila usichukue paketi ya siku 5, jichange chukua ya 6. Njia ya Marangu mnalala kwenye vibanda sio mahema, na ile siku ya ziada unakaa kituo cha Horombo, mita 3,720, mwili uzoee hewa nyepesi, maana wanaoshindwa wengi sio kwamba hawana nguvu ni wamekimbizana tu. Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, hata usingizi haupo, saa sita usiku mnaanza kupanda baridi linaganda mpaka maji ya kunywa, ukifika Gilman's Point, pale ukingo wa kreta, unajua umemaliza kumbe kilele chenyewe cha Uhuru (mita 5,895) bado kabisa, watu wazima wanalia pale aisee hahaha. Beba kitambulisho, Mtanzania kiingilio chake ni nafuu kuliko mgeni, na hela ya wapagazi itenge mapema.

Sasa kazini. Kinachoua ni kushuka, magoti. Omba siku mbili tatu za ziada ukae tu nyumbani, mi ngazi za ofisini nilikua nashuka kinyumenyume na bosi wala hakuuliza habari za mlima, anataka ripoti ya mwezi. Mwendokasi asubuhi umebanwa mlangoni unakumbuka mlima unacheka peke yako.

Likizo yenyewe mwezi gani? Kama ni Aprili isogeze, mvua.