Ramadhani imekwisha, binti yangu bado anafunga

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Binti yangu ana miaka 17, yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Tangu mdogo ni mtu wa hofu. Darasa la nne alikuwa akitapika kila asubuhi ya mtihani, na usiku anaamka mara tatu kukagua komeo la mlango. Mwaka huu alifunga Ramadhani yote, akaunga zile sita za Mfunguo Mosi, kisha Jumatatu na Alhamisi, na sasa ni karibu kila siku. Futari yake ni nusu kikombe cha uji na tende moja. Hedhi imekata, huu mwezi wa nne. Hospitali walimpima mimba na vidonda vya tumbo, hawakuona kitu. Shangazi yake anasema ni pepo. Mimi naiona ile hofu yake ya zamani. Nianze na lipi, hofu au chakula?
Mama mwenye wasiwasi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anza na chakula, tena wiki hii hii. Ila umeona sawasawa: hofu ndiyo iliyotangulia.

Nasema hivyo kwa sababu nami nilikuwa binti huyo. Mwaka 1991, nikiwa chuo cha uuguzi, mchana nilikula vijiko saba vya wali, si sita wala nane. Sikuwa natafuta umbo. Niliogopa kumchoma mgonjwa sindano vibaya, niliogopa kuitwa mbele ya darasa, niliogopa barua ya nyumbani isije na habari ya msiba. Nikivihesabu vile vijiko kifua kinatulia, saa moja, labda mbili. Hofu ikirudi, saba vinakuwa vitano. Na wenzangu walinisifu kwamba nina nidhamu!

Tuko wengi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, wa watu 672 wenye magonjwa ya ulaji, ulikuta kama theluthi mbili yao wamewahi kuugua ugonjwa wa wasiwasi, na kwa wengi ulianza utotoni, kabla ya shida ya chakula.

Lakini njaa nayo huzaa hofu. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula kwa miezi sita vijana 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili. Walipungua karibu robo ya uzito wao, wakawa watu wa wasiwasi na hasira, wakiota chakula na kulamba sahani. Nami nilikaa na mshauri miezi mitano tukizungumzia utoto wangu huku nakonda. Sikumbuki hata neno moja. Mwenye njaa hashauriki.

Kwa hiyo rudi hospitali, useme wazi: "Mwanangu anajinyima chakula." Omba wampime mapigo ya moyo, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, potasiamu na fosfeti kwenye damu, na kipimo cha umeme wa moyo. Usimshindilie chakula kwa pupa. Aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kingi ghafla, madini ya damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Kiasi cha kuanzia akipange daktari.

Kuhusu swaumu, mtafute shehe anayemheshimu amwambie kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula. Likitoka kwako ataona unamzuia ibada. Na bwenini asirudi kwa sasa. Matroni hawezi kukaa naye kila mlo, wewe unaweza. Jiandae: akianza kula, hofu itapanda kabla haijashuka. Mimi nililia mbele ya sahani ya ndizi na maharage. Mama alikaa pale pale, hakunikaripia, hakuondoka, hadi nikamaliza.

Uzito ukirudi na hedhi ikarudi, watu watakwambia amepona. Msiache matibabu hapo. Mimi nilinenepa baada ya mwaka na nusu, hofu ikabaki vile vile. Mwaka 2003 baba alipofariki nikajikuta nahesabu vijiko tena. Ndipo nikatibiwa hofu yenyewe, kwa dawa na kwa mtaalamu aliyenifundisha kukikabili kidogo kidogo kile ninachokiogopa.

Basi mkifika kwa daktari wa magonjwa ya akili, usiishie kwenye chakula. Mweleze habari ya komeo la mlango na yale matapishi ya darasa la nne. Na niandikie majibu ya vipimo yakitoka.