Maswali ya Wasomaji: Tyuna ya Antena Inapokaa Nje

Swali: Redio yangu ya ridhaa ya wati 100 ina tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio) ndani yake. Antena ni waya mrefu wa nje uliounganishwa kwa mita 30 za kebo ya RG-58. Mita inaonyesha SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa; 1 ndiyo bora) ya 1.3, lakini kwenye 28 MHz wenzangu wananisikia kwa shida. Nikiweka tyuna ya nje, kuna kitakachobadilika?

Jibu: Kipo, tena si kidogo. Mita hiyo inapima kilichopo kati ya redio na tyuna tu. Ukishavuka tyuna, nishati inakwenda hadi kwenye waya usiolingana na kebo, sehemu yake inarudi, inakwenda tena, na kila safari kebo inatoza ushuru wake. Mita 30 za RG-58 kwenye 28 MHz hula takriban desibeli 2.4 hata antena ikilingana vizuri: kwa wati 100, zinafika kama 57. SWR kwenye antena ikiwa 10, hasara inakaribia desibeli 6 na zinazofika ni kama 25. Nyingine zote zimeishia kupasha kebo joto, na mita yako haina habari.

Tyuna ikikaa pale waya unapoanzia, kebo inaona omu 50 inazozitaka na hasara inarudi kwenye zile 2.4. Ukibadilisha na RG-213, kebo nene zaidi, inashuka hadi desibeli 1 na ushee. Kwenye 3.5 MHz tofauti ni ndogo zaidi, kwa hiyo anayetumia bendi za chini peke yake kwa kebo fupi asikimbilie kununua kifaa kipya.

Swali: Nimefunga tyuna ya nje na waya wa mita 20. Bendi nyingine zinakubali, ila 7, 14 na 21 MHz inagonga relei (swichi zake za sumaku) weee, kisha inakata tamaa. Je, ni mbovu?

Jibu: Urefu ndio mbovu. Gawa 142.5 kwa masafa ya MHz, utapata nusu wimbi kwa mita. Kwa 7.1 MHz ni mita 20, kwa 14.2 ni mita 10, na waya wako umebeba mbili kamili, kwa 21.2 ni 6.7, umebeba tatu. Waya wenye nusu wimbi kamili, au mafungu yake, ukilishwa kwenye ncha unaonyesha maelfu ya omu, na tyuna nyingi hazifiki huko. Hata inayofika inateseka: wati 100 kwenye omu 3,000 ni zaidi ya volti 500, na kwenye kilele karibu 775. Hapo ndipo relei huungua na kapasita hutoboka.

Kata waya uwe mita 12.5, ukihesabu na kile kipande kinachotoka kwenye skrubu ya tyuna. Urefu huo unakaa mbali na nusu wimbi kwenye bendi zote kuanzia 7 hadi 28 MHz. Kwenye 3.5 MHz utalingana lakini ni mfupi, kwa hiyo usitarajie makubwa. Mwenye nafasi na anayeipenda bendi hiyo avute mita 25.6; 28 MHz ikileta ukaidi, punguza au ongeza nusu mita uone.

Na tafadhali, usiweke transfoma ya 9:1 (inayogawa omu kwa tisa) kati ya tyuna na waya. Kazi ya kulinganisha tayari ina mwenyewe, na kwenye bendi ambazo waya ni mfupi, transfoma hiyo inashusha omu ambazo tayari ni chache.

Swali: Nimepigilia fimbo ya ethi ya mita 1.2 chini ya tyuna na inalinganisha upesi kila bendi. Kwa nini huwa mnasisitiza kutandaza na nyaya za ardhini?

Jibu: Kule kulinganisha upesi ndiko kunakotutia wasiwasi. Mkondo unaopanda kwenye waya lazima upate pa kurudia, na fimbo moja inaurudisha kupitia udongo, ambao ni kipingamizi. Tuseme waya wako kwenye 3.6 MHz una omu 12 za kurusha, na udongo una omu 40. Jumla ni 52, tyuna inafurahi mno, lakini kati ya wati 100 ni 23 tu zinazokwenda hewani. Minyoo inapata zilizobaki.

Tandaza nyaya 8 za mita 5 au 6 juu ya ardhi, zikitoka kwenye skrubu ya ethi ya tyuna kama miale. Zibane kwa vigingi vya waya uliokunjwa. Majani yatazifunika yenyewe. Ukipata 16 ni bora zaidi, na kwa shaba ileile, nyingi fupi ni afadhali kuliko mbili tatu ndefu. Zikilala ardhini hazihitaji kulingana urefu, na waya wenye ganda unafaa. Fimbo iache palepale kwa ajili ya radi. Ukimaliza, lazimisha tyuna ilinganishe upya, kwa sababu kumbukumbu zake ni za ardhi ya zamani.

Swali: Mezani tyuna ilifanya kazi vizuri. Nje, mita 30 kutoka kwenye chumba cha redio, relei zinalialia bila kutulia.

Jibu: Pima volti kwenye tyuna yenyewe wakati inatafuta, si wakati imetulia. Wengi huipelekea tyuna umeme kwa waya mwembamba wa alamu wa milimita za mraba 0.22. Kwenda na kurudi ni mita 60, yaani karibu omu 4.8. Relei zikivuta ampea 0.8, unapoteza volti 3.8: kati ya 13.8 zinabaki 10, na relei za volti 12 zinashika na kuachia. Waya wa milimita za mraba 0.75 unapoteza volti 1.1 tu. Weka fyuzi ya ampea 2 upande wa redio.

Kama umeme unapitia ndani ya kebo ya antena, hakikisha hakuna transfoma wala kizuia radi kinachounganisha kiini na ganda kwa mkondo mnyoofu. Na usichomeke kipima antena kabla ya kuzima umeme huo.

Swali: Nikirusha kwenye 14 MHz maikrofoni inanichoma mdomo na kompyuta inaganda.

Jibu: Ganda la nje la kebo limegeuka sehemu ya antena. Zungusha RG-58 mara 12 kwenye pete ya feraiti ya FT240-31, sentimita chache kutoka kwenye tyuna. Waya wa umeme wa tyuna nao upewe pete yake, maana mkondo ukizibiwa njia moja utapita nyingine. Ikibaki kidogo, ongeza pete ya pili pale kebo inapoingia nyumbani. Tatizo likigoma, rudi ukahesabu nyaya za ardhini; zikiwa chache, kebo ndiyo inayojazia.

Swali: Naweza kuwasha tyuna ya redio pamoja na ya nje?

Jibu: Hapana. Zitavutana, kila moja ikisahihisha kosa la mwenzake. Zima ya ndani, punguza nguvu hadi wati 10, rusha CW (mlio wa Mosi ulioshikiliwa) au AM mpaka relei zinyamaze, ndipo upandishe. Sauti ya SSB (namna ya kawaida ya kurusha maongezi) haitoshi: nguvu yake inapanda na kushuka, tyuna inakosa cha kupima.

Swali: Mvua na radi?

Jibu: Plagi ya PL-259 ifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha utepe wa kawaida juu yake. Kebo ishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yadondokee pale inapopinda. Kizuia radi kikae ukutani kebo inapoingilia na kiunganishwe na ethi kuu ya nyumba, lakini mawingu yakikusanyika chomoa kebo na waya wa umeme, vyote viwili. Kisanduku cha tyuna kifungwe soketi zikitazama chini. Kama hakina tundu la kutolea unyevu, toboa moja la milimita 4 upande wa chini, ulizibe kwa wavu mwembamba dhidi ya wadudu, na usije ukalifunga kwa silikoni.