Saa kumi alfajiri, mjomba na kikapu: Shangazi anajibu maswali ya harusi

Swali: Shangazi, salamu nyingi kutoka Kisumu. Binti yangu wa pili anaolewa na kijana Mhindi, mtu wa Hyderabad, walikutana kazini na mimi sina shida na yeye, ana heshima na ayie, ile pesa ya kwanza ya posa, alileta vizuri kabisa. Shida ni harusi. Wazazi wake wanakuja mwezi wa nane na wanataka ifanyike kwa desturi zao za Kitelugu hapa hapa Kisumu, sasa wametuma programu ati ndoa ni saa 10:12 alfajiri! Kamati yangu imecheka mpaka ikalia. Halafu nimesikia kuna mahali mimi na mzee tunaosha miguu ya bwana harusi. Shangazi wewe ni mtu wa huku, unajua kwetu Waluo mama mkwe na mkwe hata kusalimiana kwa mkono si jambo la ovyo, sasa nishike mguu? Nisaidie kabla sijaonekana mama mkorofi. *Mama wa bibi harusi, Milimani*

Jibu: Mama, hongera na pole kwa pamoja. Wacha nianze na kamati: waache kucheka, kwa sababu hiyo saa 10:12 ndiyo kitu pekee kwa harusi nzima ambacho hakisukumwi. Ukumbi unaweza kubadilika, menyu tunajadiliana, hata idadi ya wageni, lakini saa hapana. Inaitwa muhurtham, na pandit, yaani kuhani wao, ndiye huitafuta kwenye kalenda yao ya panchangam akiangalia mwezi, nyota za kuzaliwa za hao wawili na mambo mengine mengi, na ikianguka usiku wa manane basi watu wanaamka usiku wa manane, hata kule kwao Andhra Pradesh na Telangana ni kawaida tu. Tena usidhani walichagua mwezi wa nane kwa bahati. Kuna mwezi wao unaitwa Ashadham, kati ya Juni na Agosti hivi, hawafungi ndoa, na kutoka katikati ya Desemba mpaka katikati ya Januari pia hawafungi, yaani ile Desemba yetu tunayojaza harusi mpaka tenti zinakosekana, kwao ni kimya.

Lakini kuna swali moja la kuwauliza kwa upole: hiyo saa ilipigiwa hesabu ya wapi? Hyderabad wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na wengine wanafikiri unatoa hizo mbili na nusu basi umemaliza. Haiendi hivyo, hesabu inafuata jua na nyota zinachomoza saa ngapi pale mnapofungia ndoa, na Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, si kama kwao. Siku yao inaanza jua likichomoza, si saa sita usiku, na zamani waliigawa kwa vipande 60 vya dakika 24 kila kimoja. Mswahili anayehesabu saa moja baada ya jua kutoka anaelewa hiyo haraka kuliko Mzungu. Kwa hivyo pandit arudie hesabu kwa Kisumu, na mkimwomba atafute nyingine ya asubuhi pengine atapata, na kama hakuna, fanyeni venye nimeona inafanya kazi: alfajiri waje watu 40 wa karibu, chai na mandazi viwe tayari, halafu karamu ya kijiji kizima iwe jioni.

Sasa nikuambie kinachotokea hiyo dakika, maana hapa ndipo niliungua mimi mwenyewe. Bwana harusi amekaa, mbele yake kuna pazia. Bibi harusi analetwa amekaa ndani ya kikapu kikubwa, na anayembeba ni mjomba wake, kaka ya mama, si baba mdogo wala si mtu yeyote mwenye nguvu tu. (Mjomba hambebi peke yake, husaidiwa, lakini kama mjomba wenu ana mgongo mbovu semeni mapema.) Wanakaa pande mbili za pazia bila kuonana. Muhurtham ikifika, kila mmoja anaweka kichwani mwa mwenzake jira iliyosagwa na sukari guru, juu ya jani la tambuu, na hapo pazia linaanguka. Mama, HAPO ndio wameoana. Wanaiita jeelakarra bellam, jira ni chungu kidogo na guru ni tamu, na zikishasagwa pamoja huwezi tena kuzitenganisha. Ule uzi wa ndoa, wa manjano, ambao bwana harusi humfunga shingoni kwa mafundo matatu, unakuja baadaye.

Mimi sikujua. Harusi ya kwanza ya Kitelugu niliyosimamia hapa Nakuru mpiga picha alikuwa amezoea harusi zetu, anangoja pete, na dakika yenyewe alikuwa nyuma ya tenti anakunywa chai. Tuna picha 600 za maua na hakuna hata moja ya pazia likianguka. Mama ya bwana harusi hakusema kitu, aliniangalia tu, na ningependa angesema. Kwa hivyo mpiga picha na emsii wapewe karatasi, na emsii asishike maiki dakika hiyo kabisa, hapo ni nadaswaram, zumari yao ndefu, na ngoma zinapigwa kwa nguvu, kama hamna wapigaji wekeni rekodi.

Miguu sasa. Hiyo sehemu inaitwa kanyadanam, wazazi wanamkabidhi binti, na bwana harusi siku hiyo anachukuliwa kama mungu wao Vishnu mwenyewe ameingia nyumbani, kwa hivyo miguu inayooshwa si ya kijana wa kazini, ni ya mgeni mtakatifu. Lakini najua kwetu hiyo maelezo haitoshi. Habari njema ni kwamba kwa kawaida baba ndiye anaosha na mama anamimina maji kutoka kwa chombo. Wewe hushiki mguu. Mimina maji ukiwa umesimama kando, uangalie chombo usimwangalie mkwe, na umetii mila mbili kwa mkono mmoja. Mzee akikataa, ndugu mkubwa wa ukoo anaweza kukaa mahali pake, lakini mwambieni pandit wiki kadhaa kabla, msimshtue pale.

Alafu jitayarishe kwa majina. Pandit atataja ukoo wa pande zote mbili, baba, babu na baba ya babu, kwa sauti mbele ya watu. Kwa hii hata usiwe na wasiwasi, Mjaluo atataja mpaka wa saba bila kupumua, mwandikieni tu vizuri ajue kutamka. Ataulizia pia gotram, jina la ukoo wao wa kale, na kwa sababu nyinyi hamna, wengi hutumia Kashyapa.

Na kitu cha mwisho mama, hiki ukiongee mezani kabla ya ndege yao kupaa: mahari. Kwetu inatoka kwa mwanaume kuja kwenu. Kwao desturi ya zamani, katnam, ilitoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanaume, na sheria ya India iliipiga marufuku tangu 1961 ingawa watu ni watu. Nimeona familia mbili zikikaa kwa sofa zikitabasamu, kila moja ikingoja nyingine ianze. Ila kuna kimoja mnachonunua nyinyi kweli: ule uzi wa ndoa una vidani viwili vya dhahabu vya mviringo, kimoja kutoka kwao na kimoja kutoka nyumbani kwa bibi harusi. Msije mkaambiwa usiku wa kuamkia harusi, sonara akiwa amefunga.

Swali: Shangazi mimi napika harusi Nakuru na vitongoji. Nimepewa hiyo kazi ya Watelugu na wamesema hakuna nyama. Harusi bila nyama, wageni wa huku si watanitukana? *Mpishi, Section 58*

Jibu: Watakutana na nyama jioni, wewe tulia. Watelugu wengi wanakula nyama vizuri tu, na pilipili yao utalia, lakini mlo wa karibu na ibada familia nyingi hutaka usiwe na nyama, na wengine hata kitunguu na saumu hawataki, kwa hivyo uliza usikisie. Jioni pika kuku, mbuzi na samaki. Ng'ombe achana nayo kabisa, hata supu, hata sufuria iliyopika ng'ombe jana usiilete, na kama kuna kuchinja kusiwe kwa kiwanja cha harusi.

Mlo wenyewe unawekwa kwa jani la mgomba, ambalo tunalo mpaka tunalishia ng'ombe, wao huko ng'ambo wananunua. Pulihora ni wali wa manjano wenye ukwaju. Pappu ni dengu. Bobbatlu ni kama chapati tamu imejazwa dengu na sukari guru, na hapa nunua ile ya Kakamega, ni nzuri sana, najua wengi wetu tunaijua kwa kazi nyingine ambayo haisemwi gazetini. Mlo unafungwa na wali na mtindi, usiupeleke mwanzoni. Na ukiwa na Mkalenjin mezani atauliza mursik, maziwa yao ya mgando, hiyo ni shida yako mwenyewe.

Swali: Je, hiyo ndoa ya pandit serikali inaitambua ama dada yangu atabaki bila cheti? Yeye ni Mkatoliki. *Shemeji, Kakamega*

Jibu: Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya Kihindu, lakini ni kwa watu wa dini hiyo. Dada yako akibaki Mkatoliki njia rahisi ni ndoa ya kiserikali kwa msajili, na notisi ni siku 21 kwenda juu na isizidi miezi mitatu. Kijana kama ni raia wa India aje na karatasi ya kuonyesha hana ndoa nyingine, na hiyo aianze mapema, inachelewesha watu. Fanyeni hiyo kimya kimya wiki moja kabla, halafu pandit afanye yake. Mkisema mtafungia India badala yake, mtu wa dini tofauti anapitia sheria yao ya 1954 na notisi ni siku 30, kwa hivyo ile likizo ya wiki mbili haitoshi.

Swali: Nimealikwa harusi ya Kitelugu Kisumu, nivae nini na bahasha niweke ngapi? *Mwalimu, Maseno*

Jibu: Vaa rangi yoyote inayowaka, nyeusi iache nyumbani. Viatu viwe vya kuvulika haraka, maana jukwaani hupandi navyo. Bahasha weka uwezavyo ila iishie na moja, 1,001 ama 2,001, hiyo bob moja juu ndiyo wanaitafuta. Na mkitolewa nje kuonyeshwa nyota ya Arundhati msijifanye mnaiona kama iko mawinguni. Mwezi wa nane jioni iko kaskazini magharibi, chini chini, ndogo kabisa kando ya mwenzake, na saa kumi alfajiri hata haipo angani lakini pandit ataionyesha tu na nyinyi mtaitikia.